Timu ya Pili kwa Ubora, Kocha Nje Oktoba: Namna ya Kuisoma Penn State Kabla ya Msimu

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Harrisburg, Pennsylvania, kwa binti yangu. Mjukuu wangu anasoma Penn State, na nyumba nzima mazungumzo ni timu yao ya futiboli ya Kimarekani. Kabla ya msimu wa 2025 kila mtu alisema timu hiyo ni ya pili kwa ubora nchi nzima. Haikufika hata katikati ya Oktoba, kocha keshatimuliwa, tena kwa fidia ya kutisha. Soka naijua, na makocha wa Simba na Yanga nimewaona wakija na kuondoka, lakini hili la chuo limenishinda. Kabla msimu haujaanza, mtu ajue vipi kama timu ina nafasi ya kweli na kama kocha yuko salama? Na huyu kocha mpya tumpe muda gani?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo.

James Franklin, kocha huyo aliyetimuliwa, hakuponzwa na wiki tatu mbaya. Najua ndivyo ilivyoonekana. Septemba 27 timu ilifungwa nyumbani na Oregon 30-24 baada ya muda wa nyongeza mara mbili. Oktoba 4 ikasafiri hadi California na kufungwa 42-37 na UCLA, timu iliyokuwa haijashinda hata mechi moja na ilikuwa imeshamfukuza kocha wake. Oktoba 11 ikarudi nyumbani ikalala 22-21 mbele ya Northwestern. Kesho yake, Jumapili, kibarua kikaota nyasi. Lakini kocha aliyeshindia chuo kimoja mechi 104 haondolewi kwa mechi tatu, isipokuwa kama watu walikuwa wameshamchoka kabla ya hizo tatu. Hapo ndipo jibu langu lilipo: ukitaka kujua kocha anakalia kuti kavu kabla kipyenga hakijalia, achana kwanza na nafasi aliyopewa kwenye orodha. Tafuta deni alilobeba kutoka misimu iliyopita, kisha angalia ratiba itamdai wiki gani.

Tuanze na hiyo orodha, maana ndiyo iliyowadanganya wengi. Kila Agosti shirika la habari la Associated Press hukusanya kura za waandishi wa michezo wapatao 60 kutoka majimbo mbalimbali, nao huzipanga timu 25 bora. Wakati huo hakuna timu iliyocheza hata dakika moja. Waandishi wanapima kwa walichonacho: timu ilimalizaje mwaka uliopita, nani amebaki, chuo kina jina kiasi gani. Tangu mwaka 2000, timu zilizopewa nafasi ya kwanza Agosti zikamaliza zikiwa mabingwa kwenye orodha hiyo hiyo ni mbili tu, USC ya 2004 na Alabama ya 2017. Mwaka 2025 Texas iliyoanza ya kwanza haikuingia hata kwenye timu 12 za mtoano. Penn State ya pili na Clemson ya nne zilikutana Desemba kwenye uwanja wa Yankee, New York, katika mechi ya kufungia mwaka ambayo timu kubwa huwa hazitaki kujikuta humo. Penn State ilishinda 22-10, na msimu ukaisha kwa ushindi 7 na vipigo 6. Bingwa alikuwa Indiana, iliyoanza nafasi ya 20, na haikupoteza mechi hata moja.

Hata hivyo waandishi hawakuota. Matumaini ya 2025 yalikuwa na msingi, na inafaa tuupekue msingi huo, kwa kuwa ndani yake ndimo ufa ulimokuwa.

Msimu wa 2024 Penn State ilishinda mechi 13 na kufungwa 3, ikafika nusu fainali ya taifa na kutolewa na Notre Dame 27-24 kwa mkwaju wa pointi tatu uliopigwa sekunde za mwisho. Kikosi kikubwa kikarudi. Alirudi Drew Allar, kotabeki, yule anayeupokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua aurushe au ampe mwenzake akimbie nao. Walirudi wakimbiaji wawili wa kutisha, Nicholas Singleton na Kaytron Allen. Na chuo kikamchukua Jim Knowles, kocha wa ulinzi wa Ohio State iliyokuwa imetoka kuwa bingwa wa nchi, kwa mshahara wa zaidi ya dola milioni 3 kwa mwaka, na huyo ni msaidizi tu. Ukisoma hayo Agosti, ungepiga kura gani?

Mimi ningeuliza walioondoka ndio waliokuwa wakifanya nini. Tyler Warren, aliyekwenda timu ya kulipwa ya Indianapolis Colts, alikuwa amedaka mipira 104 mwaka 2024. Abdul Carter, aliyechukuliwa wa tatu nchi nzima, na New York Giants, timu za kulipwa zilipochagua wachezaji wa vyuo, ndiye aliyekuwa akiwavuruga makotabeki wa wapinzani kabla hawajafikiri. Sasa sikiliza hili: katika ile nusu fainali dhidi ya Notre Dame, wapokeaji wa pembeni wa Penn State, watu ambao kazi yao ni kukimbia mbali na kudaka, hawakudaka mpira hata mmoja. Usiku mzima, sifuri. Chuo kiliona tatizo hilo na kuleta wapokeaji watatu kutoka USC, Syracuse na Troy, lakini wapokeaji na kotabeki huzoeana kwa mechi ngumu, na mechi ngumu hazikuwepo.

Hapo ndipo ratiba inapoingia. Mechi tatu za mwanzo Penn State iliifunga Nevada 46-11, FIU 34-0 na Villanova 52-6. Mashabiki walifurahi. Kwa mtu anayepima timu, mechi hizo zilikuwa mazoezi yenye tiketi. Hakuna mpinzani hata mmoja kati ya hao aliyekuwa na wanaume wa mbele wenye uzito na kasi ya kuwauliza Penn State swali. Swali la kwanza likaja na Oregon, mbele ya watu zaidi ya 100,000 waliovaa nyeupe Beaver Stadium, na kwa robo tatu za mchezo shambulizi lao lilikuwa na pointi 3 tu. Walizinduka robo ya mwisho wakasawazisha 17-17, wakafika muda wa nyongeza, kisha Allar akarusha mpira ukadakwa na beki wa Oregon na mechi ikaishia hapo. Timu inayopimwa kwa mara ya kwanza wiki ya mwisho ya Septemba haina muda wa kurekebisha kitu. Wiki iliyofuata walikuwa mbali na nyumbani kwa safari ya ndege, miguu mizito, dhidi ya vijana wa UCLA ambao msimu ule walikuwa hawajawahi hata kuongoza mechi kwa sekunde moja. Mapumziko ikawa 27-7 kwa UCLA.

Nilipokuwa nikiitazama ile mechi ya UCLA niliumia kwa ajili ya wale vijana, Mzee wangu. Ni wanafunzi wa miaka 19, 20, 21. Uliona wazi kwamba kipigo cha Oregon walikuwa bado wamekibeba.

Sasa deni. Franklin aliajiriwa Januari 2014, wakati chuo kilikuwa bado kinatumikia adhabu za 2012 zilizokipunguzia nafasi za ufadhili wa wachezaji. Aliijenga upya timu, akatwaa ubingwa wa kanda ya Big Ten mwaka 2016, akawa anashinda mechi 10 au 11 mara kwa mara. Kwa vyuo vingi hiyo ni kazi ya kujengewa sanamu. Lakini mbele ya timu zilizokuwa ndani ya kumi bora za nchi alikuwa ameshinda 4 na kufungwa 21. Dhidi ya Ohio State, mkubwa wa kanda, alishinda mara 1 kati ya 11. Takwimu hizi zilisomwa kwenye redio na televisheni kila Agosti, na kila mwaka aliposhinda mechi ndogo zikawa hazina faida kwake, maana hakuna aliyekuwa akizitilia shaka. Ushindi ulikuwa hauongezi kitu, na kipigo kilikuwa kinaongeza deni. Kocha akifika hapo, kumpa nafasi ya pili nchini ni kumwongezea mzigo: sasa hata kufika nusu fainali tena kungehesabiwa kuwa kubaki palepale. Chuo hiki mara ya mwisho kilikuwa bingwa wa taifa msimu wa 1986, enzi za kocha Joe Paterno, na wazee wa Pennsylvania bado wanauzungumzia kama jana.

Kuhusu fidia, naelewa kwa nini imekushangaza. Novemba 2021, vyuo vingine vikubwa vilipokuwa vikitafuta makocha, Penn State iliogopa kumpoteza Franklin ikampa mkataba wa miaka 10. Ndani yake mliandikwa kwamba wakimwondoa bila kosa watamlipa sehemu kubwa ya kilichobaki, na Oktoba 2025 hicho kilichobaki kilikuwa karibu dola milioni 49. Watu wengi walidhani kiasi hicho ni ngome. Si ngome. Chuo cha Texas A&M walimwondoa kocha Jimbo Fisher mwaka 2023 kwa zaidi ya milioni 75, na wiki mbili baada ya Franklin, chuo cha LSU wakamwondoa kocha Brian Kelly wakiwa wanadaiwa zaidi ya milioni 50. Fedha hizi kwa kawaida hutoka kwenye mapato ya idara ya michezo na kwa matajiri waliosoma chuoni hapo. Na mikataba ya namna hii huwa na kifungu kwamba kocha akipata kazi nyingine, malipo yanapungua. Franklin alipoajiriwa na Virginia Tech mwezi Novemba, deni la Penn State liliripotiwa kushuka kwa makubaliano hadi milioni 9. Kwa hiyo ukisoma kabla ya msimu kwamba kocha fulani haondoki kwa sababu fidia yake ni kubwa, usilale usingizi juu ya maneno hayo. Uliza swali moja tu: bosi wa sasa ndiye aliyeutia saini ule mkataba? Pat Kraft, mkurugenzi wa michezo wa Penn State, aliingia 2022 na kuukuta. Bosi aliyerithi kocha hana uamuzi wake wa kuutetea, kwa hiyo kumwondoa ni rahisi kwake. Na huyu bosi ana uwanja unaokarabatiwa kwa dola milioni 700, ambao utajazwa na mashabiki wenye matumaini tu.

Utaniuliza, kwa nini Oktoba? Kwa nini wasimwache amalize msimu? Hapa futiboli ya vyuo inaachana kabisa na soka yetu. Kocha wa chuo ndiye pia mkuu wa usajili, anakwenda sebuleni kwa wazazi wa kijana wa sekondari na kumwombea aje. Vijana hao husaini rasmi mwanzoni mwa Desemba. Baada ya hapo, Januari, linafunguliwa dirisha la wachezaji wanaohama kutoka chuo kimoja kwenda kingine, na tangu 2021 mchezaji anayehama kwa mara ya kwanza anaweza kucheza papo hapo bila kukaa nje mwaka mzima. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa hata kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, michezo yote ikiwa pamoja. Basi chuo kinachoamua kubadili kocha kinakimbizana na kalenda, kikitaka mtu mpya awe ofisini kabla ya Desemba. Penn State walikimbia mapema na bado wakachelewa. Walihangaika kumtafuta mrithi zaidi ya wiki saba, vijana waliokuwa wameahidi kuja wakatawanyika, wengine wakamfuata Franklin Virginia, na siku ya kusaini Desemba chuo hiki kikubwa kikasaini wachezaji wawili tu. Naliona hilo kuwa kosa zito kuliko lile la kumfukuza kocha.

Nisikuache ukiamini kwamba kocha mwenye presha huishia kufukuzwa. Wapo wawili katika kanda hii hii ambao kila mtu alikuwa ameshawazika. Jim Harbaugh wa Michigan alimaliza 2020 kwa ushindi 2 na vipigo 4, akiwa hajawahi kuwafunga watani wa jadi Ohio State. Chuo kilimpunguzia mshahara kwa karibu nusu, naye akakubali, akabadilisha wasaidizi, akamleta kijana Mike Macdonald kutoka timu ya kulipwa ya Baltimore Ravens kusimamia ulinzi. Agosti 2021 Michigan haikuwemo hata kwenye orodha ya timu 25. Novemba wakaifunga Ohio State 42-27, wakawa mabingwa wa kanda, na miaka miwili baadaye wakawa mabingwa wa nchi kwa mechi 15 bila kufungwa. Mwingine ni Ryan Day wa Ohio State. Novemba 30, 2024 alifungwa nyumbani na Michigan 13-10, mara ya nne mfululizo, na mjini Columbus watu walitaka aondoke usiku uleule. Hata miezi miwili haikupita, alinyanyua kombe la taifa.

Ukiwalinganisha na Franklin utaona tofauti mahali mashabiki wengi hawaangalii: ukuta wa mbele, wale wanaume watano wazito wanaomlinda kotabeki na kumfungulia njia mkimbiaji. Ukuta wa Michigan mwaka 2021 ulipewa tuzo ya ukuta bora wa nchi. Ohio State ya Day ilikuwa na vipaji vya kuifunga timu yoyote, na mtoano wa timu 12 ulioanza mwaka huohuo ukampa nafasi ya kulithibitisha hilo mara nne mfululizo. Franklin alikuwa na timu nzuri sana ya kuwafunga wadogo. Mbele ya wakubwa, mwaka baada ya mwaka, ukuta wake ulikuwa unasogezwa nyuma.

Tuje kwa Matt Campbell, kocha wenu mpya. Alitoka Iowa State, chuo kisicho na fedha wala jina la Penn State, ambako alikaa miaka 10 na kuwa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika historia yao. Mwaka 2024 aliwapa ushindi 11, jambo ambalo kabla ya hapo chuo hicho hakikuwahi kulifikia hata mara moja. Ni mwalimu wa kujenga: anachukua vijana ambao wakubwa hawakuwataka na kuwatoa wanaume. Kwa chuo kilichosaini vijana wawili Desemba, sifa hiyo ni ya thamani kubwa. Wachezaji wengi wa Iowa State walimfuata Januari, akiwemo kotabeki wake Rocco Becht, kwa hiyo kotabeki na kocha hawahitaji kufahamiana upya. Hilo peke yake linanipa moyo kuliko jina lolote kubwa ambalo lingeletwa na helikopta.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Iowa State ushindi wa mechi 8 ulikuwa sherehe. Pennsylvania ushindi wa mechi 8 ni malalamiko. Campbell hajawahi kuishi mahali ambapo watu 106,000 wanakuja na bili mkononi, na hakuna anayeweza kumfundisha hilo kwa maneno.

Ratiba ya 2026 imemwonea huruma, na hapa uwe makini, kwa sababu huruma hiyo ndiyo itakayozua maneno. Penn State haikutani na Ohio State, Oregon wala bingwa Indiana katika msimu wa kawaida. Wapinzani wa mwanzo, Marshall, Temple na Buffalo, ni wepesi tena, kama mwaka jana. Timu inaweza kushinda tisa au kumi ikiwa ya kawaida tu, na mjukuu wako atakupigia simu akikwambia ubingwa unakuja. Mwombe asubiri USC waje nyumbani na mechi ya Michigan ugenini. Katika hizo mbili, acha kuufuata mpira kwa macho kwa dakika kumi za kwanza. Tazama wale watano wa mbele. Mchezo ukianza wakisogea mbele hatua moja mbili kila mara, timu imejengwa. Wakirudi nyuma, pointi zote za Septemba zisahau.

Umeuliza muda. Kwa haki, kocha aliyerithi kikosi kilichotawanyika apewe misimu mitatu: wa kwanza wa kuokoteza wachezaji, wa pili wa kuwapanga, wa tatu ndio wa kumhukumu, kwa sababu wakati huo vijana aliowasajili mwenyewe kutoka sekondari watakuwa wamekomaa. Kwa hali ilivyo mwaka huu, sidhani kama atapewa mitatu. Dirisha la uhamisho limewafanya matajiri waamini kwamba timu hununuliwa Januari moja, na Indiana iliyopanda kutoka mkiani hadi ubingwa ndani ya misimu miwili chini ya Curt Cignetti imewapa ushahidi wa kuonyesha. Mkataba wa Campbell ni wa miaka minane, na umeshaona miaka kumi ya Franklin iliishia wapi. Akishinda tisa mwaka huu na kucheza na Michigan mpaka dakika ya mwisho, atakuwa na amani hadi 2027. Akishinda tisa na kufungwa vibaya na hao wawili, zile takwimu za mechi kubwa zitaanza kuandikwa upya kwa jina lake kabla ya Krismasi, naye atakuwa na mwaka mmoja tu kazini.